Kabla hujakaa mbele ya wakili, jua yepi ya kuamua wewe

Shangazi yangu tulivyotoka ofisini kwa wakili pale Chake, Pemba, hata ngazi hatujazimaliza, akanishika mkono akaniuliza "ehe, kasemaje?" Na mle ndani nusu saa nzima kila wakili akimaliza kusema yeye anaitikia "ndio mwanangu, ndio mwanangu", kwa hivyo wakili akajua bi mkubwa kafahamu na karidhia. Miezi mitano baadae tukaletewa karatasi ya sulhu, ishapelekwa mahakamani, shamba nusu kwa nusu na wale tunaodaiana nao, sie watoto hatuna habari na shangazi anaapa hajakubali kitu. Wakili simtaji na wala simwiti mwizi, maana tukijikalia wenyewe tunaona na sie tulimtupia bahasha tukaondoka, tukategemea atatusoma nyoyo.

Sasa kama na wewe unakwenda kwa wakili wiki ijayo, kitu cha mwanzo usianzie kwenye karatasi, anzia kwenye unataka nini hasa. Inaonekana rahisi lakini sio. Kwetu huku mwenye miti si lazima awe ndie mwenye ardhi, mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake kumi kwenye shamba la mwengine toka enzi za babu, na wakili alipotuuliza mnadai ardhi au mnadai miti au mnataka tu jamaa asivune mpaka kesi iishe, tukaangaliana. Kaka anataka ardhi, shangazi anataka mikarafuu aliyoipanda marehemu mumewe, mie nilikuwa nataka yaishe nirudi zangu Unguja. Mambo hayo yamalizeni nyumbani, barazani, kabla hamjapanda gari. Na mchague mmoja wa kuongea na wakili, kwa sababu wakipiga simu watu watatu na kila mmoja na lake, wakili atamsikiliza aliyepiga mwisho. Tena mkiona hamuelewani kabisa mwambieni ukweli, wakili mmoja hawezi kuwabeba ndugu wanaovutana wenyewe kwa wenyewe, huenda mmoja wenu akatakiwa atafute wake.

Halafu ndo lije hili la nani anaamua nini, na hapa ndo wengi tunaliwa. Kama chombo cha mizigo vile, mwenye mzigo ndie anaesema uende Wete au uende Tanga, nahodha hamuulizi mtu saa ya kupandisha tanga. Hoja gani ianze, shahidi aulizwe vipi, kifungu gani kitumike, hayo ni yake wakili, amesomea, muache afanye kazi ingawa ana haja ya kukueleza anafanya nini na kwa nini. Lakini kufungua kesi au kutofungua, kukubali sulhu au kuikataa, kukata rufaa au kuishia hapo, hayo yako. Akija na pendekezo la upande wa pili, hata kama yeye analiona la kipuuzi, alilete kwako na wewe ndie useme hapana.

Mambo haya si ya kwetu tu. Marekani chama chao cha mawakili kina kanuni za mfano toka mwaka 1983 zinazosema wazi kuwa sulhu ni uamuzi wa mteja, na kwenye jinai mteja ndie anaeamua akiri kosa au asikiri, atoe ushahidi mwenyewe au anyamaze. Kule Louisiana kulikuwa na mtu anaitwa Robert McCoy, kashtakiwa kuua watu watatu, yeye anasema si mimi, wakili wake akaona ushahidi mzito akawaambia wale raia waliokaa kuamua kesi kuwa ndio, mteja wangu kaua, akitegemea watamhurumia asihukumiwe kifo. Kifo akahukumiwa vilevile. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikasema, majaji 6 kwa 3, kuwa wakili hana ruhusa ya kumkiria mteja anaekataa, kesi ianze upya. Na wakili yule hakuwa na nia mbaya, alitaka kumuokoa mtu, ndo hapo sasa.

Turudi kwetu. Siku ya mwanzo ile muulize bila haya, nitapata habari zangu vipi? Simu, wasapu, au nije mwenyewe? Akiwa mahakamani nimpigie nani, karani wake? Kesi ikiahirishwa nitaambiwa siku ile ile au nitajilipia gari kutoka Micheweni nikute mlango umefungwa? Wengine wanaona kumuuliza wakili hivi ni kumvunjia heshima, wallahi sio, wakili mzuri anafurahi maana na yeye anachoka na mteja anaebadilisha namba ya simu kila Ramadhani halafu analalamika hakuambiwa. Na maelezo ya kesi usiyatume kwenye grupu la familia, umo mule una shemegi wa upande wa pili.

Karatasi ikiwa ya kiingereza usiweke saini mpaka usomewe kwa kiswahili, na hukumu pia ikitoka omba ufafanuliwe siku hizo hizo, usingoje. Kwa mfano umeshindwa Mahakama Kuu na unataka kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kukata rufaa inatakiwa iingie ndani ya siku 30, wakili kakupigia mara mbili simu imezimwa, wewe uko dago, kambini kwa wavuvi, siku zinakwisha. Mambo ya mahakama ya kadhi yana njia yake, hayafiki Mahakama ya Rufani, muulize mapema yenu inaishia wapi.

Hati za asili baki nazo mpe kopi, akitaka za asili akuandikie kuwa kazipokea. Pesa nazo zisemwe siku hiyo hiyo, kiasi gani, kwa kazi ipi, risiti. Ukiwa huna, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo toka 1992 na Pemba wapo, na kuna wasaidizi wa sheria huko huko mitaani, anza nao hata kwa kupanga maswali tu.

Sie mara ya pili tuliandika maswali sita nyuma ya karatasi ya kalenda, shangazi akayashika mwenyewe. Swali la pili tu wakili alipojibu, akamwambia "rudia mwanangu, sijafahamu", akarudia, akamwambia tena.