Kaseti za zamani za Lubumbashi: kuziingiza kwenye kompyuta bila kuziua

Juu ya makabati mengi ya Lubumbashi, katika mitaa ya Kenya, Katuba, Ruashi na Kamalondo, bado kuna katoni moja ya kaseti ambayo hakuna anayethubutu kuitupa wala kuigusa. Ndani yake mna mpira uliorekodiwa redioni, mchezo wa kuigiza wa kundi la Mufwankolo, karindula (muziki wetu wa banjo) iliyopigwa matangani, au sauti ya nkambo, yaani babu au bibi, akimtumia salamu ndugu aliyehamia upande wa Zambia. Utepe wa miaka 40 unaweza kupiga vizuri mara moja tu, kisha ukakatika au ukaliwa na mashine. Kwa hiyo kanuni ni hii: usiiweke kaseti kwenye redio "kusikia kidogo kuna nini". Mara ya kwanza unapoipiga, kompyuta iwe tayari inarekodi.

Anza kwa kuchagua. Nyimbo zilizotoka kwenye sahani za santuri ziache za mwisho, hata kama ndizo zinazopendwa. Rumba ya Kinshasa ya 1975 utaipata kwingine, tena ikiwa safi kuliko nakala yako. Kitu ambacho hakiko popote ni maneno: mtangazaji, matangazo ya biashara, kelele za uwanjani, mzee anayesimulia. Watu wengi huanza na muziki, wakifika kwenye kaseti za maneno mashine imeshachoka na wao pia.

Angalia namba iliyoandikwa kwenye kaseti. C60 ina utepe wa mita 90 hivi, dakika 30 kila upande, na ndio mnene kuliko wenzake. C90 ina mita 135 na ni mwembamba zaidi. C120 ina mita 180 za utepe mwembamba mno, unaonyooka na kujiviringisha kwenye mashine kwa urahisi. C120 irekodi mashine ikiwa imetoka kusafishwa, na usiipeleke mbele na kurudi bila sababu.

Kisha ishike kaseti mwangani utazame kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kama ya chumvi pembeni mwa utepe, hiyo ni ukungu. Itenge na nyingine, ifungue nje ya nyumba, funika pua na mdomo. Iache ikauke kivulini siku kadhaa. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, kinafaa sana kwa kazi hii. Masika yakishaanza, hewa yenyewe ina maji. Usiianike juani: ganda likipinda, magurudumu hayazunguki tena. Ukungu ukikauka, unafutwa kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi huku ukizungusha utepe polepole kwa mkono.

Kabla ya yote, vunja vijino viwili vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa kaseti, kama bado vipo. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki. Kosa la kubonyeza kitufe chekundu badala ya cheusi limefuta mechi nyingi kuliko ukungu.

Sasa zungusha kwa mkono. Kalamu ya biki ya pembe sita inaingia sawasawa kwenye tundu lenye meno. Izungushe raundi kumi kumi kila upande. Ikiwa nzito, igonge bapa kwenye kiganja mara tatu au nne ili mizunguko ya utepe iachane. Ikikataa bado, usilazimishe kwa mota. Tatizo liko ndani ya ganda.

Tatizo la kawaida kuliko yote ni kale kakipande ka kitambaa kalichobandikwa kwenye springi ya shaba, katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake hukauka, kakadondoka, na kaseti ikipigwa sauti inakuwa mbali, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Wengi hudhani utepe umeharibika. Haujaharibika: unahamishiwa kwenye ganda lingine.

Tafuta kaseti isiyo na thamani yenye skrubu tano, moja kila kona na moja katikati. Zilizogandishwa bila skrubu hazifai kutoa ganda, ila zinaweza kupasuliwa kwa wembe kwenye mshono endapo ndizo mgonjwa mwenyewe. Laza zote mbili mezani, skrubu zikitazama juu, zifungue kwa turnevisi (bisibisi) ndogo ya msalaba, inua kifuniko polepole. Utaona magurudumu mawili makubwa yenye utepe, viroli viwili vidogo kwenye kona za mbele, karatasi laini juu na chini, kibati kidogo nyuma ya springi, na springi yenyewe. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa. Toa utepe wa ganda jipya, kisha hamisha magurudumu yako mawili kwa pamoja, yote kwa mara moja, ukiyashika kama unavyoshika mayai mawili. Utepe upite nje ya viroli vyote viwili na mbele ya kitambaa. Rudisha karatasi, funga skrubu bila kukaza sana, jaribu kwa biki. Ukizisahau karatasi, kaseti italia kwiii-kwiii na kasi itayumba.

Utepe ukiwa umekatika, pandanisha ncha mbili, zikate kwa mshazari kwa wembe mmoja zikiwa zimelaliana, kisha ziunge kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa ndani. Upande unaotazama nje ndio wenye sauti, usiuguse hata kwa kidole. Selotepu ya dukani si mbadala: gundi yake hutoka pembeni baada ya muda na kukamata mzunguko wa jirani.

Mashine nayo ina madai yake. Usitumie vile vichezeo vya plastiki vya bei ndogo vinavyoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Kasi yake huyumba. Deki au radio kaseti nzuri ya zamani, iliyobadilishwa mkanda wa mpira kwa fundi, inavishinda. Mkanda uliokaa miaka mingi hulegea au huyeyuka kama lami, na lami hiyo isipofutwa yote mkanda mpya utateleza.

Safisha njia ya utepe kila baada ya kaseti mbili tatu. Chovya kijiti cha pamba kwenye alikoli ya isopropili ya 90% au zaidi, futa kichwa, kisha kile kipini cha chuma kinachozunguka, mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira linalobana utepe lifute kwa maji yenye tone la sabuni, kisha kitambaa kikavu. Ukipata alikoli ya 70% tu, itumie lakini subiri dakika 15 ikauke. Petroli, tina ya rangi na manukato ni marufuku.

Kisha kuna skrubu ya pembe ya kichwa, ile yenye springi, kwa kawaida kushoto kwa kichwa. Kama aliyerekodi alitumia mashine ambayo kichwa chake kiliinama kidogo, mashine yako iliyonyooka itakupa sauti butu. Vaa visikizi, piga sehemu yenye maneno, geuza skrubu kidogo kidogo, isizidi robo ya mzunguko, mpaka herufi za "s" na "sh" ziwe kali kabisa. Hapo acha. Kazi hii ifanyie kaseti isiyo na thamani mpaka mkono uzoee.

Kuunganisha ni rahisi, ila tundu la kipaza sauti la kompyuta ndogo halifai: ni la mono na linapokea sauti ndogo sana, kwa hiyo kila kitu kitapasuka. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB yenye mlango wa "line in". Waya wa milimita 3.5 utoke kwenye tundu la visikizi la redio, sauti ikiwa theluthi moja, usiiguse tena. Kwenye Audacity, programu ya kurekodia, weka 44100 Hz, biti 24, stereo. Kilele cha sauti kicheze karibu na -6 dB. Kikigusa 0, kilichopasuka hakirudi. Kompyuta itumie betri yake, maana chaja huleta mngurumo. Na SNEL, shirika letu la umeme, ikikata umeme katikati, bonyeza stopu mara moja: gurudumu la mpira lililobaki limebana utepe huuachia kovu.

Rekodi upande mzima bila kukatisha, hata kimya. Saa moja ya stereo ya biti 24 inakula takriban MB 950, C90 nzima inafika GB 1.4. Faili hilo ghafi libaki WAV au FLAC bila kusafishwa chochote. Kupunguza kelele fanya kwenye nakala, tena kwa kiasi, kwa sababu programu ikizidishwa humfanya mtangazaji aongee kama yuko ndani ya pipa la maji. Kwa ndugu wa WhatsApp toa MP3 ya mono ya kbps 64, MB 29 kwa saa.

Sasa kasi, jambo ambalo wengi hulipita. Redio iliyorekodi kwa mawe (betri) yaliyochoka ilivuta utepe polepole. Leo mashine nzima ikiupiga, mzee wa miaka 60 anasikika kama mtoto. Mawe yalipoisha taratibu, sauti hupanda kadiri kaseti inavyokwenda. Kama redio ilikuwa imechomekwa ukutani, kuna njia ya kupima. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mngurumo wake huingia kwenye utepe, mara nyingi kwa nguvu zaidi kwenye 100 Hz. Piga kaseti kwa mashine inayotumia mawe, ili mngurumo usiwe wa leo. Chagua sekunde tano zisizo na maneno, fungua uchambuzi wa spektra, ukubwa 65536, tafuta kilele karibu na 100. Kikiwa 104, utepe unakwenda haraka mno: gawa 100 kwa 104, upate 0.962, uiandike kwenye kibadilisha kasi. Sauti ikipanda taratibu, kata vipande vya dakika tano na kupima kila kimoja.

Tarehe za kwenye lebo usiziamini, kaseti ilirekodiwa juu ya nyingine mara nyingi. Sikiliza. Mtangazaji akisema "Shaba" au "Zaïre" kama jina la sasa, uko kati ya 1971 na 1997. Bei zikitajwa kwa makuta, ni kabla ya pesa kuanguka vibaya. Zikitajwa kwa "nouveau zaïre", ni 1993 au baadaye. "Englebert" ndilo jina ambalo Mazembe ilitwaa nalo ubingwa wa vilabu vya Afrika 1967 na 1968. Kombe la Washindi la 1980 lilikuja kwa jina la Mazembe. Kwa Léopards, timu ya taifa ya Zaïre, wa 1974 kuwa makini: fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika na Zambia zilikuwa mbili, 2-2 tarehe 12 Machi na 2-0 tarehe 14 Machi, na zote Ndaye Mulamba ndiye aliyefunga mabao ya Zaïre. Subiri matokeo kabla ya kuandika jina la faili.

Jina liwe na mwaka, kitu, upande: 1974-03-14_Zaire-Zambia_A. Kama mwaka hujaupata, andika 197x. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kaseti yenyewe izungushe mpaka mwisho wa upande, isimamishe wima kwenye kisanduku chake, mbali na spika, kwa sababu sumaku ya spika hufuta.