Jumapili Ujerumani na jokofu tupu? Nenda stesheni

Kwa mliohamia Ujerumani juzijuzi: Jumapili sheria inafunga karibu maduka yote, supamaketi zikiwemo. Mimi nilishindia mkate mkavu na haradali kabla sijaelezwa hili. Nenda stesheni kuu ya treni ya jiji. Maduka ya humo yanaruhusiwa kufungua kwa ajili ya wasafiri, na hakuna anayekuuliza tiketi. Berlin Hauptbahnhof (stesheni kuu ya Berlin) kuna supamaketi kabisa, ila foleni yake, mh! Stesheni ndogo usijisumbue, pengine utakuta mashine ya chokoleti tu. Ukitafuta dawa, soma tangazo mlangoni mwa famasi yoyote iliyofungwa: linataja iliyo zamu siku hiyo.