Kumchagulia mtoto pikipiki ya kwanza ya motokrosi

Mzazi akiniletea mtoto gereji ili aanze motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye udongo, huanza na umri: "Ana miaka sita, nimnunulie ipi?" Mimi huchukua futi, ile ya fundi cherehani. Mvishe mtoto buti, msimamishe ukutani, mpime kutoka msambani hadi sakafuni. Nenda na kipimo hicho kwa muuzaji. Kiti cha Yamaha PW50 kiko milimita 475 kutoka chini, cha Honda CRF50F 548, na Kawasaki KX65 ni 760. Anayeanza lazima nyayo zote mbili zilale chini akiwa ameketi. Ncha za miguu zinamtosha yule ambaye tayari anashindana.

Kisha jihadhari na maandishi ya cc, yaani ujazo wa injini. PW50 ni cc 50, na KTM 50 SX ni cc 50, lakini hizo ni pikipiki mbili za kazi tofauti kabisa. PW50 imekuwa ikitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haina giya wala cheni, gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti, oili ina tangi lake, na breki zote ziko mkononi kama za baiskeli. Penye mkono wa mafuta kuna skrubu: ukiikaza, mtoto havuti mafuta zaidi ya pale ulipoamua. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuendesha chombo chenye injini, sijaona skrubu yenye thamani kuliko hiyo.

KTM, kutoka Mattighofen, Austria, hujenga 50 SX kwa ajili ya mashindano. Nayo haina giya, ila injini yake hupozwa kwa maji na klachi ikishika hurusha mtoto mbele kwa nguvu. Petroli yake unaichanganya na oili mwenyewe, na ukisahau oili, pistoni imekwisha. Husqvarna TC 50 na GasGas MC 50 ni ndugu zake wa kundi moja, kwa hiyo spea nyingi za injini huingiliana. Cobra ya Hillsdale, Michigan, nayo imejijenga kwa pikipiki ndogo za mashindano. Ni kali kweli, lakini hapa Nairobi usiinunue kabla hujajua spea utazitoa wapi.

Mimi humshauri mzazi aangalie Honda CRF50F mapema. Ina giya tatu bila klachi ya mkono, hivyo mtoto anazoea mguu wa giya kabla ya kupewa pikipiki za cc 65, zenye giya sita na klachi kamili.

Nyingi tunazouziwa ni mtumba, na hapo ndipo nataka uwe mkali. Fungua boksi la chujio la hewa, litoe chujio, pitisha kidole upande wa kabureta. Ukikuta vumbi, injini imelila, na bei ishuke kwa gharama ya pistoni, ringi na pengine silinda. Piga kiki polepole kwa mkono: injini iliyo nzima hukataa kidogo kabla ya kupita. Inua gurudumu la mbele ulitikise kushoto na kulia, ukisikia mchezo, beringi zimechoka. Chunguza fremu karibu na pedali za kukanyagia, nyufa hupenda kujificha chini ya rangi mpya. Kama ni 50 SX, iwashe ikiwa kwenye stendi, kisha iteremshe taratibu bila kuvuta mafuta. Ikitaka kuondoka yenyewe, sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) imepandishwa mno au springi za klachi zimelegea. Usimpandishe mtoto mpaka irekebishwe.

Tenga fedha za helmeti, buti na kinga ya kifua kabla hujataja bei ya pikipiki. Helmeti ya bodaboda haifai, haina kinga ya kidevu.

Mwisho kabisa, ilaze pikipiki chini na umwambie mtoto aiinue peke yake. PW50 ina uzito wa kilo 41 hivi. Akishindwa, mnunulie leo helmeti na buti tu, uje naye tena akiwa ameongeza nguvu.