Kujenga timu ya dagaa isiyotawanyika mbalamwezi ikiingia

Biashara ya kuanika na kufungasha dagaa kandokando ya ziwa inafuata mwezi wa angani. Wakati wa giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi inaangaza taa usiku kucha na alfajiri ndoo zinamiminika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti tena dagaa, wavuvi wanapumzika na chanja, zile meza za nyavu za kuanikia, zinabaki wazi. Timu nyingi ndogo hapa Mwanza huvunjika siku hizo. Kibarua anaambiwa "tutakuita", anakwenda kujitafutia Igoma au anavuka kurudi Sengerema. Giza likirudi, unafundisha watu wapya huku dagaa mbichi wanakusubiri, na mtu mpya ndiye anayeanika tabaka nene: juu panakauka, chini panachacha, jioni unaanua dagaa wenye harufu.

Kwa hiyo ukiwa na watu wanne hadi wanane, anza na malipo. Kumlipa mtu kwa ndoo peke yake ni kumwambia kwamba mbalamwezi hana kazi. Gawa malipo mafungu mawili: mshahara wa kudumu wa mwezi, usiopungua kima cha chini cha sekta yako, na nyongeza kwa kila ndoo iliyoanikwa na kuanuliwa vizuri. Mgawanyo unaofaa ni fungu la kudumu kuchukua karibu theluthi mbili ya anachotarajia kupata mwezi wenye dagaa wa kutosha. Likiwa dogo sana ataondoka mbalamwezi, na nyongeza ikiwa ndogo sana hatakuwa na haraka jua linapochomoza.

Mbalamwezi nayo ipangiwe kazi kabla haijafika: kufunga upya nyavu za chanja zilizolegea, kubadilisha nguzo zilizooza, kufua na kuanika magunia, kuchambua mzigo uliobaki na kuufunga pakiti za nusu kilo na robo kilo, kufuatilia wanaodaiwa sokoni. Orodha hiyo ibandikwe ukutani, kila kazi na jina la mtu.

Saa za kazi zinawaponza wengi bila kujua. Tuseme watu wako wanaanza saa 11 alfajiri hadi saa 5, wanapumzika, kisha wanarudi saa 9 hadi saa 12 jioni kuanua. Hizo ni saa 9 kwa siku, na kwa siku sita ni saa 54. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, hivyo saa 9 zinazobaki ni za ziada na zinalipwa mara moja na nusu. Tena, kabla ya saa 12 asubuhi bado ni usiku kisheria, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangwi zamu ya usiku kabisa. Mpe kuchambua na kupima mchana.

Kuajiri kusichukue maneno mengi. Mpe mtu siku tatu za majaribio, mlipe zote, na zote ziwe za giza. Mwangalie mambo matatu. Je, anafika kabla ya mitumbwi? Akitandaza dagaa, tabaka linakuwa jepesi kiasi cha kuuona wavu kwa chini? Akikuta mchanga kwenye ndoo anasema, au anamwaga juu ya wale safi? Hilo la tatu lina uzito kuliko mengine, kwa sababu kasi inafundishika ndani ya wiki, lakini anayeficha kasoro ataficha na kubwa zaidi. Ukimkubali, mwandikie masharti yake siku ya kwanza: kazi, mahali, saa, mshahara, nyongeza ya ndoo, likizo. Ndugu naye aandikiwe vilevile. Shemeji asiye na karatasi ndiye huleta ugomvi unaofika mpaka nyumbani.

Kinachoua timu polepole kuliko njaa ya mbalamwezi ni kushukiana. Dagaa wanaingia wabichi na kutoka wakavu, na uzito unashuka sana: kilo tatu hadi nne za mbichi hutoa kilo moja hivi ya wakavu, kutegemea jua na muda wa kuanika. Asiye na kipimo akiona gunia limepungua anasema wameiba, na waliofanya kazi kwa uaminifu wanaanza kutafuta pa kwenda. Dawa yake ni mizani na ubao. Asubuhi pima mbichi, andika kilo na jina la aliyepokea. Jioni pima wakavu, andika tena. Pembeni andika hali ya hewa: jua kali, mawingu, manyunyu. Baada ya mizunguko miwili ya giza utakuwa na uwiano wako wa kawaida, na siku itakayotoka nje ya uwiano huo itajadiliwa kwa namba, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida.

Hasara ikitokea kweli kwa uzembe wa mtu, usikate mshahara kienyeji. Mwandikie sababu, kiasi na namna ulivyokokotoa, mpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Dagaa walionyeshewa na mvua ya ghafla si deni la mwanikaji, isipokuwa turubai lilikuwepo, alionywa, na hakuwafunika.

Kila kazi ijulikane na watu wawili, hasa ya mnunuzi wa mwaloni, mtu wako anayenunua dagaa kwa wavuvi. Huyu ndiye anayejua mtumbwi upi unaleta dagaa safi, mvuvi yupi amepewa fedha za awali kabla ya kuleta dagaa, nani hutoa ndoo isiyojaa. Akiondoka na hayo kichwani, umebaki na chanja tupu. Fedha za awali ziandikwe kwenye daftari la biashara, zisainiwe na mpokeaji, na asubuhi mbili kila wiki aende na msaidizi yuleyule. Baada ya miezi mitatu msaidizi anunue mwenyewe, mnunuzi akiwa pembeni.

Likizo ya mwaka ni siku 28, karibu mzunguko mzima wa mwezi, kwa hiyo huwezi kuibana yote ndani ya mbalamwezi. Ruhusu mmoja mmoja, na wengi uwapange masika, kati ya Machi na Mei, mvua zinapokatisha uanikaji.

Chai na kitafunwa cha saa 1 asubuhi kilipwe na biashara. Ni gharama ndogo, na ndiyo nafasi ya kikao cha dakika kumi kila Jumatatu.

Mtu wa mshahara wa mwezi akiondoka, taarifa ni siku 28. Mlipe siku alizofanya na likizo aliyolimbikiza, mpe cheti cha utumishi. Siku zake za mwisho azitumie mwaloni na atakayeshika nafasi yake, amtambulishe kwa wenye mitumbwi mmoja baada ya mwingine, kisha daftari la fedha za awali likaguliwe nanyi watatu na kila deni lisainiwe upya.