Namna ya kuzuru nguzo za asili za Isimila, Iringa

Korongo la Isimila liko takriban kilomita 20 kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Wengi hulijua kwa zana zake za mawe, lakini hapo hapo zimesimama nguzo ndefu za mchanga na udongo zilizochongwa na maji ya mvua bila mkono wa mtu, nazo peke yake zinatosha kufungiwa safari.

Chagua kwanza majira. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili ama Mei, na wakati huo chini ya korongo hupita maji na udongo huteleza sana. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri, ila asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, kwa kuwa Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sweta usiiache.

Kutoka mjini, panda gari liendalo Ifunda au Mafinga, umwambie konda mapema kwamba unashuka Isimila, kisha umalizie njia kwa miguu. Aliyefuatana na wazee au watoto wadogo ni afadhali akodi teksi au bajaji na kupatana na dereva bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Jitahidi kufika kabla ya saa tatu asubuhi, kwani jua likiwa bado chini, vivuli hutenganisha nguzo na nguzo na rangi za matabaka huonekana wazi, ilhali adhuhuri mwanga hulalia kila kitu sawasawa na picha hukosa kina.

Ukishalipa kiingilio, mwombe mwongozaji aanze na zana za mawe, hata kama wenzako wana haraka ya kuziona nguzo. Zamani sana mahali hapa palikuwa na maji yaliyotuama, na matope na mchanga viliendelea kujilaza tabaka juu ya tabaka, vikizifunika zana za watu walioishi kandokando. Baadaye maji yaendayo kasi yalianza kulikata bonde hilo, na ndiyo yaliyozifichua zana hizo, ambazo ziligunduliwa mwaka 1951 na zinakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Maji hayo hayo ndiyo yaliyozichonga nguzo: pale tabaka la juu lilipokuwa gumu, lilikinga udongo laini ulio chini yake kama kofia, na pale lilipovunjika, udongo ulichukuliwa wote. Mtu akilielewa hili kwanza, hataziangalia nguzo kama mawe tu, bali kama masalio ya ardhi iliyokuwa imejaa bonde zima.

Ndiyo maana naomba kwa dhati usizipande, usiziegemee, wala usichonge jina lako juu yake. Si granaiti kama majabali yanayouzunguka mji wa Iringa. Kidole tu huweza kumomonyoa chembe, na kilichotoka hakirudi. Tembea katikati ya mkondo mkavu, mahali ambapo mwongozaji anakanyaga, ukiwa na viatu vyenye soli isiyoteleza na maji ya kunywa ya kutosha. Ukikuta jiwe lililochongeka kando ya njia, liache lilivyo, umwoneshe mwongozaji, kwa sababu zana iliyohamishwa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Tenga saa mbili hadi tatu kwa ziara yote. Ukitoka chini, uliza kama unaweza kuonyeshwa nguzo kutoka juu, na ukifika huko simama hatua kadhaa nyuma ya ukingo, maana maji huula udongo kwa chini na juu yake pakaendelea kuonekana pazima.