Mtoto atulie ndegeni na begi ni kilo 7 tu: ninavyofanya mimi kutoka Kigoma

Mwakeye wazazi wenzangu. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Kigoma, mume wangu kazi yake iko Dar, kwa hiyo kila likizo napanda ndege na wanangu wawili, mmoja ana miaka sita mwingine mitatu, na mara nyingi niko nao peke yangu. Watu wananiuliza sana unawezaje, maana begi la mkononi ni kilo 7 na humo humo kuna pampasi, nguo za kubadilisha, chakula, dawa, sasa midoli inakaa wapi? Naandika hapa kila ninachofanya kuanzia wiki moja kabla. Nilichokuja kugundua ni kwamba mtoto hahitaji vitu vingi, anahitaji vitu vichache vinavyotoka kimoja kimoja kwa wakati wake, na vile vizuri kuliko vyote havina uzito hata gramu moja.

Hatua ya 1: Soma tiketi, alafu pima

Usiulize jirani alibeba kilo ngapi, soma tiketi yako mwenyewe. Yangu imeandika kilo 7 za mkononi. Na kama una mtoto chini ya miaka miwili anayekaa mapajani angalia vizuri, maana mara nyingi huyo hana begi lake la mkononi, vitu vyake vinaingia kwenye kilo zako wewe. Mimi nina mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki wa Kibirizi, naitundika kwenye komeo la mlango naning'iniza begi. Lengo langu ni kilo 6 na nusu, ile nusu inayobaki ni ya vitu vya dakika ya mwisho, na vitakuwepo tu.

Kitu kizito kuliko unavyodhani ni maji, chupa ya nusu lita ni nusu kilo nzima. Beba chupa tupu ujaze ukishapita ukaguzi. Na kwa safari ya nje ya nchi ndo lazima kabisa, maana viwanja vingi havipitishi kwenye mashine kimiminika kinachozidi mililita 100, isipokuwa vitu kama maziwa ya mtoto, hayo unayasema mapema kabla hujaulizwa.

Hatua ya 2: Mfuko wa mtoto ukae peke yake

Hii hatua naomba muisome taratibu. Ndege nyingi zinazokuja huku kwetu ni za mapangaboi, na kule juu vichwani sehemu ya kuweka mabegi ni ndogo, kwa hiyo begi lako hata kama halijazidi kilo linaweza kuchukuliwa pale mlangoni likapelekwa chini kwenye mizigo. Ilinitokea. Nilikuwa nimepanga kila kitu vizuri, vitabu, rangi, biskuti, begi likachukuliwa mtoto wangu mdogo akiwa analiangalia, na tukakaa masaa mawili na zaidi bila chochote, analia anataka kitabu chake na mimi najua kabisa kiko ndege hiyo hiyo kwenye mizigo ila sina namna. Nililia na mimi siku hiyo.

Tangu hapo nina mfuko wa kitenge niliomshonesha fundi pale Mwanga, una kamba ya kufunga mdomoni, ukubwa wa daftari kubwa tu. Unakaa juu kabisa ndani ya begi. Wakisema begi liende chini nauchomoa sekunde moja, nautundika begani, naendelea kupanda ngazi. Ndani yake kuna michezo, pampasi mbili, waipsi, dawa, chakula, simu na pawabenki. Vilivyobaki vyote viende tu huko chini.

Na kanga usiweke kwenye begi, jifunge au uitupie begani, hiyo haipimwi na mtu! Kanga ni shuka, ni mto, ni pazia la kunyonyeshea, ni hema ukiibana kwenye kimeza cha mbele, na huyu mkubwa anayejifunza kusoma anasoma lile jina la kanga herufi moja moja mpaka amalize.

Hatua ya 3: Funga vifurushi

Natengeneza vifurushi sita, kila kimoja nakifunga kwa gazeti na uzi. Usiruke hiki kitu cha kufunga. Mtoto wa miaka mitatu akipewa kifurushi chenye fundo mbili anahangaika nalo dakika nne tano nzima, ulimi nje, vidole vinatafuta ncha ya uzi, hataki umsaidie, na akishafungua gazeti nalo ni mchezo wa pili, analikunja analichana anatengeneza kofia.

Ndani naweka hivi: daftari jembamba na penseli tatu za rangi zilizochongwa tayari. Karatasi moja ya stika. Uzi wa mita moja wa kuchezea maumbo kwenye vidole, ule mchezo wetu wa zamani, bibi zenu wanaujua. Kitabu kimoja chembamba, jalada laini, jalada gumu linakula gramu bure. Vibanio vitano vya nguo vya plastiki vya rangi tofauti, anavibana kwenye kanga, anavihesabu, anavipanga kama treni. Na cha sita ni ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, inauzwa duka la hadiwea, hiyo ndo naipenda kuliko zote. Unabandika barabara juu ya kimeza, unabandika reli kutoka Kigoma mpaka Tabora, kibanio kinakuwa treni, na ukimaliza inabanduka bila kuacha gundi. Vyote sita kwa pamoja havifiki nusu kilo, nimepima.

Vya kuacha nyumbani: gololi na kitu chochote cha mviringo, ndege ikiinua pua vinakimbia mpaka nyuma kabisa. Bunduki ya plastiki hata ya maji, inazuiwa kwenye ukaguzi na mtoto atalia kabla hata safari haijaanza. Mkasi. Midoli yenye sauti. Ubuyu pia acheni jamani, zile rangi nyekundu kwenye kiti cha watu hazitoki.

Hatua ya 4: Kuchagua kiti

Fupi tu hii: mtoto akae dirishani, na kama unaweza epuka safu zilizo sambamba na mapanga maana hapo kelele ni nyingi. Uzuri wa hizi ndege za mapangaboi bawa liko juu ya madirisha, kwa hiyo karibu kila mtu anaona ardhi.

Hatua ya 5: Usitoe chochote mapema

Kosa la wengi ni kutoa michezo yote mkiwa bado mnasubiri uwanjani. Pale uwanjani mwache akimbie, aruke, achoke, mchezo wako ni miguu yake. Ndege ikianza kukimbia mshike mkono mhesabu pamoja mpaka magurudumu yanapoacha ardhi, wangu mkubwa anapenda kubashiri itaruka namba ngapi.

Kisha dirisha. Ukitoka Kigoma hiyo ni zawadi ya bure, kuna Ziwa Tanganyika lote lile na milima ya Kongo ng'ambo. Mwanangu aliwahi kuniuliza lina kina gani, nikamwambia penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani, akanyamaza muda mrefu anaangalia maji. Mkielekea mashariki mwambie atafute mto Malagarasi na zile ardhi oevu zake, atafute reli, atafute moshi wa mkaa. Dirisha likichosha, ndo kifurushi cha kwanza. Mimi natoa kimoja kila dakika ishirini hivi, na kama cha kwanza bado anakipenda sitoi kingine, namwacha nacho. Chakula nacho nakihesabu kama kifurushi: chapati iliyokatwa vipande vidogo, ndizi, karanga kwa mkubwa tu.

Ndege ikishuka njiani kuchukua abiria na nyie mmebaki ndani, hapo ndo watoto wanavurugika, kwa hiyo tepu yangu naiweka akiba kwa ajili ya hapo.

Hatua ya 6: Vitendawili

Hivi ndo nilisema havina gramu. Ongea kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio lake, inakuwa kama siri yenu. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Yai. Shamba langu kubwa lakini mavuno hayajai mkono. Nywele. Huku ng'o, kule ng'o. Giza. Akishindwa akupe mji, achague mji wowote, na ukishapewa Ujiji au Urambo unausimulia, kuna nani, wanakula nini, ukimaliza nusu saa imeondoka. Jiandae na kumi kabla ya safari, usitegemee utakumbuka huku mdogo anakuvuta nywele.

Hatua ya 7: Simu iwe ya mwisho

Sikatai simu, ila ukianza nayo vifurushi vyote vinakufa, hakuna atakayegusa penseli tena. Daunlodi katuni nyumbani, weka hali ya ndegeni, mpe hedifoni, usiwape abiria wenzako adhabu ya kusikiliza. Pawabenki lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini kwa sababu betri inaweza kushika moto, na ya mAh 10,000 inatosha, ile ya 20,000 inakulia uzito karibu mara mbili.

Hatua ya 8: Kushuka

Masikio yanauma zaidi ndege ikishuka kuliko ikipanda. Inaanza kushuka mapema kuliko watu wanavyofikiri, kama nusu saa kabla, kwa hiyo mtoto aliyelala mwamshe hapo hata kama roho inauma, maana akilala hamezi mate na masikio yanaziba. Anayenyonya mpe ziwa, wa miaka mitatu mpe maji kidogo kidogo au chapati atafune, pipi ngumu ni ya mkubwa tu, mdogo anaweza kupaliwa. Mkubwa mfundishe kupiga miayo ya uongo, mtapiga wote na mtaambukizana.

Magurudumu yakishagusa, kabla hamjasimama, mpe mdogo mfuko wa kitenge auone mdomo wake wazi, avirudishe mwenyewe, vibanio vitano, penseli tatu, uzi. Wangu anahesabu kwa sauti, na kikipungua kimoja anainama kukitafuta chini ya kiti huku wenye haraka wanapita.