Namna ya kuzifikisha takwimu za watoto na vijana kwa watu wa mtaani kwako

Takwimu za watoto wetu zipo, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inazitoa bure. Lakini ripoti ni nene, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mama wa kata ya Makorora ambaye pengine mwanawe ndiye aliyepimwa hazioni kamwe. Kazi yangu hapa Tanga ni kuzitoa namba humo na kuzibandika pale watu wanapokaa kusubiri huduma. Naona ni haki yao kabla ya kuwa haki ya wataalamu. Fuata hivi.

Hatua ya 1: Anza na swali la watu. Waulize akina mama kliniki na vijana wa kijiweni wanataka kujua nini. Chagua swali moja tu kwa kila bango.

Hatua ya 2: Jua namba inamhusu nani. Hapa usiharakishe. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 (TDHS) unaonyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi mno kwa umri wao. Namba hiyo ni ya nchi nzima. Ripoti inazo za mikoa pia, lakini haishuki hadi kata, kwa hiyo usiandike "watoto wa Makorora". Ukitaka ya kata, nenda kwenye rejista za kituo cha afya, ila ueleze kwamba zinahesabu waliofika kituoni tu.

Umri nao uandike kila mara. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa sera yetu ya vijana ya 2007, kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Binti wa miaka 16 yumo kote kuwili.

Hatua ya 3: Geuza asilimia kuwa watu. Chukua karatasi ya manila, chora watoto 10 wamesimama mstari mmoja, 3 uwapake rangi. Chini yake andika: "Kati ya kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 3 wamedumaa." Basi. Usichore duara la vipande vipande, wengi hawalisomi. Na angalia kipimo: vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 ni 43 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, si asilimia 43. Nimeona kosa hilo likizua hofu kubwa bila sababu.

Hatua ya 4: Linganisha kwa uangalifu. Udumavu ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16, ukafika 30 mwaka 2022. Sema "zamani 34 katika kila 100, sasa 30". Ukisema "umepungua kwa asilimia 4" utakuwa umekosea, kwani 4 ukiigawa kwa 34 unapata karibu asilimia 12.

Hatua ya 5: Linda siri. Kitaifa, wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Hiyo bandika. Lakini ukiandika kwamba mtaa fulani una mabinti 2 wajawazito, kufikia jioni majina yao yote yanajulikana. Mimi siandiki idadi iliyo chini ya 5. Tena siweki jumla ya kata karibu na idadi za mitaa mingine, maana mtu atazitoa kwenye jumla na kuipata iliyofichwa.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kubandika. Usiulize "umeelewa?" Kwa heshima tu mtu atakuitikia ndiyo. Sema: "Mama, hebu nieleze hili bango linasema nini." Akisema jingine, badilisha maneno.

Hatua ya 7: Bandika na usambaze. Omba ruhusa kwa mtendaji wa kata na mganga mfawidhi. Kwa WhatsApp, andika mwaka na chanzo ndani ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya pembeni hupotea inapotumwa kundi hadi kundi. Wasioona vizuri au wasiosoma, wasomee bango kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja.

Mzazi akiuliza kama mwanawe amedumaa, bango halina jibu. Mpeleke kwa muuguzi na kadi ya kliniki, mtoto apimwe kimo. Na utafiti mpya ukitoka, bandua la zamani siku hiyohiyo.